Pistoni Zilizolala na Matikiti

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Hiyo ndiyo saa kila kitu kilipoharibika. Baadaye Usta Hamdam, fundi wa magari, angeitaja kama watu wanavyoitaja saa ya msiba.

Binti yake alisimama mbele ya friji kuukuu la gerejini. Zebo alikuwa ameufungua mlango atoe tikiti, akatoa ukelele.

“Baba, njoo uone.”

Usta alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. Alidhani ni panya.

Hakuwa panya. Rafu ya friji ilikuwa imetandikwa gazeti la zamani lenye picha ya hokim, mkuu wa wilaya, akizindua mfereji ambao mpaka leo haujaona maji. Juu ya uso wa hokim, katikati ya matikiti mawili, palikuwa na duara nne za oili. Kila duara upana wa bakuli la chai.

Usta alichukua rula ya chuma. Akapima moja. Akapima ya pili. Akapima zote nne.

“Tisini na mbili na nusu,” alisema.

“Nini hiyo?”

“Milimita. Ni pistoni, mwanangu. Pistoni nne za Volga, gari la hokim, zimelala humu.”

“Si wewe uliyeziweka?”

“Mimi? Mimi nilaze pistoni na matikiti? Nimerogwa?”

Zebo alirudi nyuma hatua moja, mkono tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Baba wa mtoto huyo, Ilhom, dereva wa ofisi ya hokim, alikuwa ameondoka saa nne kamili akiendesha Volga hiyo hiyo kuelekea mlima wa Kamchik.

Na pistoni zilizokuwa ndani ya injini zilikuwa zimedanganya.

Sikiliza zilivyodanganya. Usta Hamdam hakusoma sana. Aliacha shule darasa la saba akaingia chini ya magari. Lakini sheria moja aliishika kuliko mullah anavyoshika swala: pistoni mpya na silinda zilizochongwa zilale beseni moja usiku mzima, kama bibi na bwana harusi nyuma ya pazia. Zipate joto moja. Ndipo asubuhi uziulize kama zinapatana.

Na namna ya kuziuliza ni hii. Pistoni huingizwa kichwa chini ndani ya silinda, ubavuni mwake ukatiwa utepe wa chuma mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Utepe unafungwa kwenye mizani ya springi, unavutwa. Ukitoka kwa kilo mbili, pistoni ni ndogo, itagonga. Ukigoma mpaka kilo sita, pistoni ni kubwa, itakaba. Ukitoka kwa kilo nne, hao wameoana.

Jumatano alfajiri utepe ulitoka kwa kilo nne. Mara nne, pistoni nne. Usta alikuwa amecheka peke yake kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Sasa akakumbuka. Pistoni zile zilikuwa na unyevu.

“Nilizifuta,” alisema. “Nilizifuta kwa mikono yangu hii! Nikasema ni umande. Umande, Julai, bonde hili ambalo chura anatembea na maji yake mwenyewe!”

“Kwa nini hukusimama ukafikiri, baba?”

“Nisimame vipi? Qudrat alikuwa hapo kichwani pangu!”

Qudrat ndiye naibu wa hokim. Alifika alfajiri ile kabla ya jogoo, viatu vinang'aa, akasimama juu ya beseni. Pistoni alikuwa amezileta mwenyewe Jumanne, zimefungwa kwenye karatasi tupu isiyo na jina la kiwanda. “Usta, unazifuta kama watoto wako,” alisema. “Hokim anataka gari Tashkent. Harusi ya mwanawe ni Jumamosi, haingoji utepe wako.” Ndivyo walivyo wenye vyeo. Hawana subira na injini, kwa sababu ikifa, anayesukuma si wao.

Alumini ya pistoni ni kama mwoga. Ikipata baridi kidogo, inajikunyata. Pistoni zile zilikuwa kubwa, zikajifanya ndogo kwa baridi ya friji. Kwenye barabara tambarare zingevumilia. Lakini Kamchik si tambarare. Injini ikipata moto wa kweli, pistoni zingevimba, zingeng'ata silinda, na magurudumu ya nyuma yangesimama papo hapo kama yamepigwa msumari.

Ukiwa unapanda, umepona. Ukiwa unateremka, na bonde liko kushoto, basi.

“Mpigie simu!” Usta alifoka. “Mwambie asimame popote alipo!”

Zebo alipiga. Simu ikaita.

Iliita ndani ya gereji. Chini ya tambara, juu ya meza ya jiriwa, simu ya Ilhom ilikuwa inacheza na kuwaka.

Wakatazamana.

“Kaisahau,” Zebo alisema. Kisha akakaa kwenye tairi, uso umemwisha damu. “Baba, kuna jambo sikukwambia. Leo asubuhi Ilhom alikataa kung'ata mkate.”

Nyumba yoyote ya bonde lile, msafiri hang'oki bila kung'ata mkate. Anang'ata mara moja, mkate unatundikwa ukutani, na mkate ule unamwita mpaka arudi aumalize. Mama ameutundika kwa mwanawe aliyekwenda jeshini, mke kwa mumewe aliyekwenda Urusi kubeba matofali.

“Alisemaje?”

“Alicheka. Akasema, ‘Leo sing'ati, Zebo. Siendi mbali.’”

Nje honi ikalia. Ilikuwa Damas, kile kigari cha mkate cha Mavluda, mwanamke wa miaka hamsini mwenye mikono ya mpiganaji na ulimi wa wembe.

“Usta! Mikate kumi kama kawaida, au leo mnafunga?”

“Mavluda, dada yangu, gari lako linaweza kukimbia?”

“Likipakwa mafuta ya kondoo linaweza kuruka. Kuna nini? Umeua mtu?”

“Bado,” alisema Usta Hamdam.

*

Kigari kilitoka mjini kinapiga kelele kama debe la mbaazi. Usta mbele, Zebo nyuma katikati ya vikapu vya mikate ya moto. Baba alimkataza asije. Aliambiwa, “Huyo ni mume wangu, baba, si pistoni yako.”

“Anakwenda mwendo gani?” Mavluda aliuliza.

“Hamsini. Nilimwapisha asivuke hamsini, injini bado ni bikira.”

“Basi kwa mwendo wangu tunamkuta kabla ya mlima. Wewe omba dua, mimi nikanyage.”

Usta alipangusa uso kwa viganja viwili, akasema amina. Lakini moyoni hapakuwa na dua. Palikuwa na jina moja.

“Ni Qudrat,” alisema. “Ilhom ameona mengi kwenye lile gari. Amesikia simu, amebeba bahasha. Naibu anataka kumzima, na lawama ianguke kwa nani? Kwa fundi! Wataandika: kazi mbovu ya Hamdam. Alishaniua mara moja, sasa anarudia.”

Mavluda hakuuliza mara ya kwanza ni ipi. Mji mzima uliijua. Miaka minne nyuma gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa na injini iliyochakaa, linangoja pistoni. Pistoni zilikuja kutoka Tashkent, Qudrat akazitia sahihi, zikayeyuka. Wiki hiyo hiyo Salomat, mke wa Usta, alishikwa na moyo. Gari likambeba hivyo hivyo na injini yake inayokohoa, likafa kilomita nane kabla ya hospitali. Salomat naye akafia humo, kwenye vumbi, mumewe akiwa mjini anazunguka milango ya wakubwa kuomba gari lingine. Dereva wa siku ile, ambaye Usta na Zebo hawakuwahi kumwona uso, hakuonekana tena. Wakubwa walisema amehamishwa. Wakubwa siku zote wanajua pa kuhamishia ushahidi.

“Lakini Qudrat aliingiaje gerejini?” Zebo aliuliza kutoka nyuma. “Hakuna kufuli lililovunjwa. Funguo ni mbili tu. Mmoja wako, mmoja wangu, na wangu uko shingoni.”

“Zilikuwa tatu,” Usta alisema.

“Wa tatu ulikwenda na mama.”

Ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake, na ushanga wa buluu wa kuzuia jicho baya, uliokatika kidogo pembeni. Hospitali ilirudisha mwili. Koti halikurudi.

Mavluda akashika breki ghafla. Mikate ikammwagikia Usta kichwani.

Trafiki.

Kijana mnene alikuja taratibu, fimbo yake ya mistari inacheza kidoleni. “Haraka ya wapi, mama? Mkate unaungua?”

“Unaungua, mwanangu, na wewe umenenepa, unaonekana unajua thamani yake,” Mavluda alisema, akampa mikate miwili, uso wa mkate ukiwa juu kama desturi inavyotaka. “Mmoja wako, mmoja wa mama yako. Mwambie Mavluda anamsalimu.”

“Unamjua mama yangu?”

“Simjui. Lakini kama ni yeye aliyekulea hivi, namheshimu.”

Kijana akacheka, akapisha. Dakika nne zilikuwa zimekufa. Usta alizihesabu moja moja.

*

Saa sita kamili walifika chini ya mlima, pale wauza chai walipopanga vitanda vyao vya kukalia juu ya mfereji. Volga haikuwapo.

Ila Ilhom alikuwapo.

Alikaa juu ya kitanda cha chai, miguu ameikunja, bakuli mkononi, mzima wa afya kama mtu wa likizo.

Zebo alishuka gari halijasimama vizuri. Alimfikia, akampiga kofi la bega, la pili, la tatu, kisha akamkumbatia, akalia. “Mshenzi wewe! Umeacha simu! Umekataa mkate! Nimeshakuzika mara kumi njiani!”

“Zebo! Mnatafuta nini huku, na hali yako hii?” Ilhom alisema. Macho yake yalimruka mkewe yakaenda kwa Usta, yakaganda hapo.

“Gari liko wapi?” Usta aliuliza.

“Kalichukua naibu. Kila Alhamisi ndivyo, baba. Nampitia ofisini, tukifika hapa ananishusha, anaendesha mwenyewe mpaka ng'ambo. Huko ana nyumba ambayo mkewe haijui. Mimi nakunywa chai mpaka jioni.”

“Yuko peke yake?”

“Peke yake. Dakika kumi sasa.”

Hapo, msomaji, Usta Hamdam alikaa.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chai. Mtu aliyemdhania muuaji ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Mtu hapandi jeneza alilolipigilia misumari mwenyewe. Basi si Qudrat aliyelaza pistoni kwenye baridi.

Kisha likaja wazo la pili, taratibu, tamu kama asali yenye sumu. Mwache aende.

Nani angejua? Mlima ungefanya kazi ambayo mahakama ilikataa kuifanya kwa miaka minne. Alimwona Salomat kwenye vumbi. Aliona sahihi ya Qudrat kwenye karatasi ya zile pistoni zilizoyeyuka, sahihi ndefu yenye mkia, ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa gari.

“Kunywa chai, baba,” Ilhom alisema polepole, akimmiminia. “Joto kali. Pumzika.”

Usta alipokea bakuli. Akalifikisha midomoni. Akaona mkono wake mwenyewe, kucha nyeusi kwa oili, na mkono ule ndio uliovuta utepe. Ndio uliosema kilo nne.

Akalirudisha bakuli.

“Hapana,” alisema. “Akifa Qudrat leo, hatauawa na Mungu. Atauawa na silinda zangu. Pistoni hazijui nani mwizi. Mavluda! Washa!”

“Baba, mwache!” Ilhom alimshika mkono. Alimshika kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. “Huwezi kumfikia tena. Na hata ukimfikia, utamwambia nini? Kwamba ulipima pistoni za baridi?”

Usta aliuchomoa mkono wake.

“Mimi,” Usta alisema, “sijatamka neno baridi tangu nishuke kwenye gari.”

Zebo alimwachia mumewe. Alirudi nyuma hatua moja, mbili.

“‘Siendi mbali,’” alisema. “Ulijua unaishia hapa.”

Ilhom alifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa mwingine. Muuza chai alikuwa amesimama nyuma yao na birika, mzee mwembamba, macho yametoka.

“Gari lina nini?” aliuliza. “Ile nyeupe, yenye kulungu wa bati puani? Semeni, gari lina nini?”

“Kwani wewe unataka nini?” Mavluda alimuuliza.

“Oydin wangu yumo! Mjukuu wangu! Naibu kanisaidia, ampeleke kwa mama yake ng'ambo. Dereva alikuwa chooni. Nimempandisha mwenyewe kiti cha nyuma!”

Birika lilianguka. Na Ilhom, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia kama maji ya kisima, akawa mweupe kama unga. Alipiga mbio kuelekea Damas kabla ya wote.

“Twendeni!” alipiga kelele. “Twendeni, jamani, twendeni!”

*

Kamchik inapanda kwa kona. Kila kona Mavluda alipiga gia, kigari kikalia, mikate ikahama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Hakuna aliyeiokota.

“Sema,” Usta alisema bila kugeuka.

Ilhom alisema. Jumanne usiku aliziweka kwenye friji. Alfajiri akazirudisha beseni kabla Usta hajafika. Pistoni alizipima kwanza kisirisiri akajua ni kubwa. Qudrat alinunua za kubahatisha, hajui hata pistoni ina kipimo.

“Kama ningekuachia uzipime kwa haki, ungezikataa,” alisema. “Ungemwambia alete nyingine, na safari ingekufa. Nilitaka safari iwepo.”

“Umetumia mkono wangu.”

“Nimetumia mkono ulionyang'anywa mke, baba. Nilifanya kwa ajili yenu.”

“Kwa ajili yetu!” Zebo alicheka kicheko kikavu. “Nani alikutuma? Mama yangu hukumjua hata sura.”

Ilhom akainamisha kichwa.

“Na gerejini uliingiaje?” Usta aliuliza.

“Mlango ulikuwa wazi.”

“Nilifunga mimi.”

“Ulikuwa wazi, baba.”

Kona ya kumi na moja walikuta oili barabarani. Mstari mwembamba mweusi, unang'aa juani. Kona ya kumi na mbili walikuta alama za matairi, mbili, nyeusi, zimekatika ghafla ukingoni mwa ukuta wa barabara. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na hewa tu.

Mavluda alisema, “Ee Mola,” na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema bila kutania.

Usta alifunga macho. Alipoyafungua, walikuwa wamepita kona.

Volga nyeupe ilikuwa imesimama upande mmoja wa barabara, pua juu, mvuke unatoka chini ya boneti. Nyuma ya gurudumu palikuwa na jiwe kubwa. Juu ya ukuta alikaa Qudrat, koti amelivua, shati limemganda mgongoni, na mapajani mwake amempakata mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa akimenya pipi.

Oydin alikuwa mzima. Alimtazama Mavluda, akauliza kama ana mkate.

Mavluda alimpa mkate mzima, akaugeukia mlima, mabega yakaanza kumtikisika.

“Injini ilishika kama mbwa,” Qudrat alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza cheo. “Bila onyo. Magurudumu yakafunga, gari likazunguka, likapiga ukuta, likarushwa kupita kona, likasimama. Kona mbili, Usta. Zilibaki kona mbili tu tuanze kuteremka.” Alimtua mtoto chini. Kidogo kidogo cheo kikaanza kumrudia usoni. “Kazi ya nani hii?”

Usta alitazama kulungu wa bati. Alimtazama mkwewe. Neno moja tu, na kijana yule angelala jela mpaka mwanawe aote ndevu.

“Kazi yangu,” alisema. “Silinda nimechonga mimi. Pistoni nimeingiza mimi.”

“Basi umejiandikia mwenyewe.”

“Na wewe uliandika sahihi ya pistoni za gari la wagonjwa. Tutasomewa wote.”

Usta akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni, na ndani ya mvuke ule akasikia harufu anayoijua, harufu ya alumini iliyoungua. Alishika feni kwa mikono miwili akajaribu kuizungusha. Haikusogea hata unywele.

“Nipe kitambaa,” alisema bila kutazama. “Mfuniko wa rejeta unachoma.”

Ilhom alikuwa karibu zaidi. Aliingiza mkono mfukoni, akavuta leso.

Kitu kikatoka na leso, kikaanguka juu ya lami. Mlio mdogo tu, mwembamba, kama sarafu.

Zebo ndiye aliyeinama, na tumbo lake, taratibu. Aliinuka nacho kiganjani. Ulikuwa ufunguo wa shaba. Na kwenye ufunguo palining'inia ushanga wa buluu, umekatika kidogo pembeni.

Upepo wa mlima ulipita, ukaipindua leso barabarani.

Ufunguo ule uliondoka nyumbani kwake mara moja tu, ndani ya koti la mwanamke anayekufa.

Na Qudrat, juu ya ukuta, alianza kutabasamu. Polepole, kama mtu aliyepoteza kila kitu mezani kisha akaona karata moja imebaki.

“Kumbe, Ilhom,” alisema. “Miaka yote hii unakula mkate wao, na hujawaambia?”

Zebo hakumtazama naibu. Aliufumba mkononi mpaka meno ya ufunguo yakamchoma. Alimtazama mumewe, macho kwa macho, na sauti yake ilipotoka haikuwa kubwa kuliko mlio wa ule ufunguo.

“Ilhom, siku mama yangu anakufa, nani alikuwa anaendesha lile gari la wagonjwa?”